Serini ya Ubongoni na Serini ya Kopo

Mtumiaji anaposoma kwenye kopo la virutubisho neno "serini" pamoja na ahadi ya kumbukumbu imara, ni vema ajue kwamba jina hilo hubeba vitu viwili. Serini ni amino asidi yenye maumbo mawili yanayofanana kama kandambili ya kushoto na ya kulia: vijenzi ni vilevile, lakini moja haivaliki mahali pa nyingine. Umbo L hujenga protini za mwili, nalo hupatikana katika mayai, samaki na maharage. Umbo D lilidhaniwa kwa muda mrefu kuwa ni la bakteria na viumbe duni, hadi mwaka 1992 watafiti wa Japani walipotoa taarifa kwamba limo kwa wingi katika ubongo wa panya.

Ubongo hulitengeneza umbo hilo wenyewe. Kimeng'enya kiitwacho serini rasemasi, kilichobainishwa mwaka 1999 katika maabara ya Solomon Snyder huko Baltimore, Marekani, huigeuza serini L kuwa D kwa msaada wa vitamini B6. Serini D huenda kwenye vipokezi vya seli za neva viitwavyo NMDA, ambavyo ni kama kasha lenye kufuli mbili: ufunguo mmoja ni glutamati, wa pili ni serini D au glisini. Vikifunguka, kalsiamu huingia ndani ya seli, mawasiliano baina ya seli huimarika, na jambo lililojifunzwa hukaa. Vikifunguka kupita kiasi, kalsiamu hiyohiyo huidhuru seli. Mwili, kwa hiyo, una kimeng'enya kingine cha kuivunja serini D.

Hapa ndipo baadhi ya wauzaji hukosea, au hujifanya kukosea. Kitu ambacho ubongo hukipima kwa uangalifu namna hii hakifai kuongezwa kwa kijiko. Panya waliopewa serini D kwa wingi waliharibika figo. Kwa binadamu, imejaribiwa pamoja na dawa za skizofrenia chini ya uangalizi wa madaktari, na matokeo hayakulingana.

Fosfatidilserini, inayouzwa pia kwa ahadi ya kumbukumbu, ni kitu kingine kabisa. Hiyo ni aina ya mafuta. Mwenye maradhi ya figo au anayetumia dawa za akili amwoneshe daktari au mfamasia kopo lenyewe kabla ya kulifungua. Lebo isiyotaja kama serini ni L au D, irudishwe rafuni.