Waandishi Wawili, Waraka Mmoja

Zamani jalada la ofisi lilitembea kutoka meza hadi meza, na kila karani alingoja zamu yake. Siku hizi makarani walio mbalimbali huandika katika waraka mmoja, wakati mmoja, kwa njia ya intaneti. Je, kwa nini maandishi yao hayavurugiki?

Tuchukue mfano. Katika kioo cha kompyuta pameandikwa BRUAI. Karani wa Arusha anatia herufi A katika nafasi ya pili. Papo hapo mwenzake wa Mtwara anaagiza herufi ya tano, yaani I, ifutwe. Amri hiyo ifikapo Arusha, neno limekwisha kuwa BARUAI, na herufi ya tano ni A. Amri ikitekelezwa kama ilivyo, patabaki BARUI.

Ufumbuzi ulitolewa mwaka 1989 na Clarence Ellis na Simon Gibbs, waliofanya kazi Texas, Marekani. Ellis ndiye Mmarekani mweusi wa kwanza kupata udaktari wa sayansi ya kompyuta, mwaka 1969. Kwa njia yao, kila amri hulinganishwa kwanza na zile ambazo mtoaji wake hakuwa ameziona, kisha nafasi hurekebishwa: "futa ya tano" hugeuka "futa ya sita". Pande zote mbili hupata BARUA.

Hata hivyo, yafaa tukumbuke kwamba mashine hupatanisha nafasi za herufi, wala haipatanishi maana. Makarani wawili wakiandika bei mbili za mali moja, waraka utazihifadhi zote bila kuuliza. Hapo hapana budi watu wazungumze.