Uongo Unaoziweka Hai Programu za Kale

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watu wengi wenye kompyuta walikesha wakijenga miji isiyokuwepo. Mchezo uliitwa SimCity, na toleo lake la Windows 3 lilikuwa na kosa lililojificha: liliiachia sehemu ya kumbukumbu ya kompyuta, kisha likarudi kuisoma kana kwamba bado ni mali yake. Kwenye Windows 3 kosa hilo halikudhuru kitu, kwani sehemu iliyoachwa ilikaa vilevile bila kuguswa. Microsoft walipokuwa wakiijaribu Windows 95, mfumo wao mpya, mchezo ukagoma.

Joel Spolsky, mtunzi wa programu aliyewahi kufanya kazi Microsoft, alisimuliwa kilichofuata na mtu aliyeliandika toleo hilo la mchezo. Wahandisi wa Microsoft hawakumwambia mtu arekebishe kosa lake. Walitia ndani ya Windows 95 maelekezo ya mchezo huo mmoja tu: SimCity ikifunguliwa, kumbukumbu inayoachwa isinyakuliwe haraka. Haukuwa wema, ilikuwa biashara. Mteja akinunua mfumo mpya na mchezo wake ukakataa kufunguka, hamlaumu mtunzi wa mchezo. Anaulaumu mfumo mpya, na huenda akaurudisha dukani.

Programu haichakai kama tairi. Kilichomo kwenye diski leo ni kilekile kilichoandikwa miaka thelathini iliyopita, herufi kwa herufi. Anayebadilika ni mwenyeji wake, yaani mfumo endeshi, ambao huigawia programu kumbukumbu, huifungulia mafaili na kuipelekea kazi kwenye printa. Mgeni aliyezoea kuukuta mtungi kando ya mlango hupapasa gizani siku mtungi ukihamishiwa jikoni. Mfumo mpya unaotaka kuwatunza wageni wa zamani hauna budi kuwadanganya kwamba mtungi haujasogea.

Na hudanganya kwelikweli. Baadhi ya programu za Windows 3.10 ziliulizia toleo la mfumo kisha zikalinganisha tarakimu kizembe: zilipoona 0 ya 4.0 ni ndogo kuliko 10 ya 3.10, ziliamua kwamba mfumo ni wa kale mno. Kwa hiyo Windows 95, ambayo kwa hakika ilikuwa toleo la 4.0, ilizijibu programu hizo kwamba yenyewe ni 3.95. Windows Vista ya mwaka 2007 ilikuja na uongo mwingine. Programu za zamani zilizoea kuhifadhi mafaili kwenye folda kuu ya programu, mahali ambapo Vista ilipafunga kwa ajili ya usalama. Badala ya kuzikatalia, ikazipokea faili zao kwa tabasamu na kuzipeleka kimyakimya kwenye folda ya mtumiaji iitwayo VirtualStore. Anayetafuta faili ya programu ya zamani akaikosa aanzie huko.

Mtumiaji wa kawaida naye anaweza kuagiza uongo wake. Akibofya ikoni ya programu kwa kitufe cha kulia cha kipanya, akafungua Properties, kisha Compatibility, atachagua mfumo ambao programu iaminishwe kwamba imo ndani yake. Mara nyingi hilo linatosha.

Lisipotosha, sababu mara nyingi ni biti, yaani ukubwa wa namba ambazo kichakata hushughulikia kwa mkupuo mmoja. Kichakata kinapoendesha mfumo wa biti 64 hakina tena ile hali maalumu ambayo Windows iliitumia kuendesha programu za DOS, na Windows 11 haina toleo la biti 32. Kuna kisa cha kuudhi zaidi: programu nyingi za enzi za Windows 95 zenyewe ni za biti 32 na zingefanya kazi, ila kisakinishi chao ni cha biti 16, ambacho Windows ya biti 64 haikiendeshi. Mwenye nyumba yupo, mlango ndio hautambuliki.

Hapo ndipo DOSBox inapoingia. Programu hii ya bure, iliyoanza kutolewa mwaka 2002, inaiga kompyuta nzima ya kale: kichakata, kadi ya sauti, hata uzito wake wa kufanya kazi, maana michezo ya zamani ikipewa mwendo wa leo hukimbia kama imepandwa na mashetani. Kwenye Linux kuna Wine, kazi iliyoanza 1993 na kufikia toleo la 1.0 mwaka 2008. Wine haiigi kompyuta, bali hutafsiri kila ombi la programu ya Windows. Apple hawana subira ya namna hiyo: mkalimani wa programu za zamani za Mac, Rosetta wa kwanza, aliingia 2006 akaondolewa 2011, na mwaka 2019 programu zote za biti 32 zilifungiwa mlango.

Haya si mambo ya michezo tu. CDS/ISIS, programu ya maktaba ambayo UNESCO iliigawa bure, ilipata toleo la kompyuta ndogo mwaka 1985 na kuenea katika maktaba nyingi za Afrika. Toleo hilo ni la DOS. Orodha ya vitabu iliyoandikwa humo kwa miaka mingi haisomeki kwa kubofya tu kwenye kompyuta mpya.

Anayelazimika kubaki na Windows XP kwa ajili ya programu yake ya zamani aiweke ndani ya mashine pepe, yaani kompyuta inayoigwa ndani ya kompyuta nyingine, na kuikatia intaneti, kwa kuwa marekebisho ya kawaida ya usalama ya XP yalikoma Aprili 2014. Mwenye CDS/ISIS atumie amri yake ya kutoa rekodi kwa muundo wa ISO 2709, ambao hadi leo hubeba rekodi za maktaba. Afanye hivyo kompyuta ya zamani ingali inawaka.