Chuma Hukumbuka

Malori ya bia yanayoshuka kuelekea Nyamyumba, kandokando ya Ziwa Kivu, kusini mwa mji wa Gisenyi, Rwanda, hurudi yamesheheni kreti za chupa tupu. Kiwandani kwa Bralirwa, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1957, chupa hizo huoshwa, hukaguliwa na kujazwa upya. Shika chupa kuukuu uitazame kwenye mwanga. Utaona mviringo mweupe begani na mwingine karibu na kitako: ni alama za kugongana na wenzake kretini safari baada ya safari. Kila mkwaruzo ni mahali ambapo ufa unaweza kuanzia, ndiyo maana chupa hutumika mara nyingi lakini si daima.

Swali la chupa, itumike tena hadi lini, ndilo swali la spea ya mtumba. Mlango wa gari, boneti, kioo cha pembeni, kiti, taa: hivi havibebi mzigo wa maana, na hali yake yote iko mbele ya macho yako. Kama havijapinda wala kuoza kwa kutu, vinunue kwa amani. Pesa inayookolewa hapo ni pesa halali. Lakini shafti ya gurudumu, bolijointi, konrodi na ringi zimekaa miaka zikivutwa na kusukumwa, na chuma hukumbuka kila mvuto.

Wataalamu huuita uchovu wa metali. Chukua kipande cha waya ukikunje mara moja, hakikatiki. Kikunje huku na huku mara ishirini, kinakatika mkononi, ingawa nguvu yako haikuongezeka hata kidogo. Ulimwengu ulijifunza hilo kwa uchungu. Mwezi Mei 1842, ekseli ya injini ya treni ilikatika karibu na Versailles, Ufaransa, na watu zaidi ya 50 wakafa. Baadaye mhandisi Mjerumani August Wöhler alitumia miaka mingi kuzungusha ekseli chini ya mizigo tofauti, akihesabu mizunguko hadi zivunjike. Aligundua kwamba chuma kina kiwango ambacho, mzigo usipokivuka, kinaweza kuzunguka mamilioni ya mara bila kupasuka. Alumini haina kikomo cha wazi namna hiyo. Hata mzigo mdogo, ukirudiwa vya kutosha, huitafuna. Ndiyo sababu mimi ringi ya aloi iliyowahi kupindwa na kunyooshwa siinunui, hata ikipakwa rangi ikang'aa namna gani.

Ufa wa uchovu huanza ukiwa mwembamba kuliko unywele. Kuna njia ya kuutafuta ambayo mafundi wa reli waliitumia zamani, na gereji yoyote ya Gisenyi inaiweza. Safisha kipande hadi kiwe kikavu, kilowekwe katika mafuta ya taa, kifutwe sawasawa, kisha kipakwe unga wa chaki. Mafuta yaliyojificha ndani ya ufa hunyonywa na chaki, na mstari mweusi hujichora wenyewe. Gharama yake ni chaki na kikombe cha mafuta. Njia hii haioni ufa uliozama ndani bila kufika juu, kwa hiyo spea za usukani na breki ni bora zinunuliwe mpya. Hapo sina nafasi ya kubishana na mtu, maana barabara ya kutoka Gisenyi kwenda Kigali ni milima mitupu.

Tairi nalo lina kumbukumbu, ila lake limeandikwa ubavuni. Tafuta tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT: 2319 maana yake lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira hukauka kwa hewa na jua hata ukiwa stoo, kwa hiyo meno marefu peke yake hayatoshi kukushawishi.

Kisichofaa kutumika tena huenda kuyeyushwa. Alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660 za Selsiasi, joto ambalo mkaa na feni huweza kulifikia, ndiyo maana mafundi wengi wa Afrika Mashariki husubu sufuria uani kutokana na pistoni na vipande vya injini. Kuiyeyusha upya kunahitaji takriban asilimia 5 tu ya nishati ya kuitoa kwenye mawe. Chuma hudai zaidi ya nyuzi 1,500, kwa hiyo hubebwa hadi kwenye matanuri ya viwanda kama SteelRwa wilayani Rwamagana, upande wa pili wa nchi, kikageuzwe nondo.

Tanuri hufuta uchovu wote, lakini halifuti shaba. Nyaya zikiachwa ndani ya mota ya stata, shaba huyeyuka pamoja na chuma na haiungui kutoka, kwa sababu oksijeni hushika chuma kwanza. Nondo ikipitishwa kwenye roli ikiwa ya moto, shaba hujikusanya juu na kuipasua. Kijana anayekaa chini na koleo akichomoa nyaya kutoka kwenye skrepu anafanya kazi ya kikemia ambayo tanuri haliwezi kuifanya. Anastahili bei nzuri, na asizichome nyaya hizo, kwani moshi wa plastiki yake ni sumu.

Betri zisiguswe kabisa. Kule Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda kilichoyeyusha betri chakavu kiliwatia madini ya risasi damuni watoto wa mtaa mzima. Phyllis Omido, aliyewapigania, alipewa Tuzo ya Mazingira ya Goldman mwaka 2015, na mwezi Julai 2020 mahakama ikaamuru wakazi walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3.

Na beringi iliyoanza kulia kwenye gari? Vuka mpaka uingie Goma uangalie chukudu, baiskeli ya mbao inayoshuka na magunia ya viazi. Magurudumu yake ya mbao huvishwa vipande vya tairi chakavu, na katikati hutiwa beringi za magari. Uhai wa beringi ya gololi hutegemea mzigo kwa namna ya ajabu: punguza mzigo nusu, na itadumu mara nane zaidi. Iliyochoka kubeba lori huenda bado ina miaka ya kubeba viazi.