Kitabu cha Anwani kama Ramani: Ishara, Uzoefu na Maeneo ya Wapenzi wa Jinsia Moja San Francisco

Ramani rasmi ya mji huonyesha barabara, mipaka na majengo. Haionyeshi mlango ambao mtu anaweza kuuingia bila kuhofia kukamatwa. Katika San Francisco ya karne ya 20, pengo hilo lilikuwa na uzito wa kisheria. Mwaka 1951 Mahakama ya Juu ya California iliamua kuwa kuwahudumia wapenzi wa jinsia moja hakutoshi kuwa sababu ya kuinyang'anya baa leseni. Mwaka 1955 bunge la jimbo likatunga sheria iliyoruhusu leseni kufutwa kwa misingi hiyo hiyo. Mahusiano yenyewe yalibaki kosa la jinai hadi sheria iliyopitishwa mwaka 1975 ilipoanza kutumika mwaka uliofuata.

Katika mazingira hayo, Bob Damron, mfanyabiashara wa baa mjini humo, alianza katikati ya miaka ya 1960 kuchapisha kitabu cha anwani cha kutia mfukoni, kilichotokana kwa sehemu kubwa na safari zake mwenyewe. Kilikuwa orodha, si mchoro: jina la mahali, mtaa, kisha herufi chache. Hata hivyo, kilifanya kazi ya ramani, kwa kuwa herufi hizo zilibeba maarifa ambayo kwa kawaida yalipatikana kwa mdomo tu. D ilimaanisha dansi. M, wateja mchanganyiko. Nyota, mahali panapopendwa sana. AYOR ilimwonya msomaji kwamba akienda hapo, hatari ni yake mwenyewe.

Kiisimu, mfumo huu unafichua pia nafasi ya mtunzi wake. Herufi G ilitengwa kwa mahali penye wanawake, na B kwa mahali panapotembelewa na Weusi. Hapakuwa na herufi ya wanaume Weupe. Wao ndio waliochukuliwa kuwa kawaida isiyohitaji kutajwa. Wengine wote walitajwa kama tofauti. Kwa hiyo, uchache wa maeneo ya wanawake katika orodha hauthibitishi kwamba wanawake hawakuwa na maeneo yao. Huenda unaonyesha tu mipaka ya matembezi ya mwanamume mmoja na wenzake.

Suala hili lina umuhimu mpya, kwani mradi wa Mapping the Gay Guides, ulioasisiwa na wanahistoria Amanda Regan na Eric Gonzaba, umeziingiza orodha hizo katika ramani ya kidijitali. Nukta kwenye skrini huonekana kama takwimu, ilhali asili yake ni ushuhuda. Mshauri wa sera anayezihesabu kama sensa atawaacha nje walewale walioachwa tangu mwanzo.

Zaidi ya hayo, anwani inayomwelekeza rafiki humwelekeza askari pia. Pale ambapo mahusiano haya bado ni jinai, swali la kwanza la mtafiti si namna ya kuchora ramani, bali ni nani atakayeisoma.