Kiti kikiwa kitupu, daktari wa meno asome

Machi 25, 2020, kliniki za meno nchini England ziliagizwa kusitisha matibabu ya kawaida kwa sababu ya Uviko-19. Zilianza kufunguliwa tena Juni 8. Katika miezi hiyo madaktari wengi waligeukia masomo ya mtandaoni, na yalikuwa na thamani, kwani Baraza la Meno la Uingereza (GDC) humtaka kila daktari wa meno atimize saa 100 za mafunzo yenye uthibitisho kila baada ya miaka 5. Nchini Kenya nako, Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno (KMPDC) hudai pointi za mafunzo endelevu kabla ya kuhuisha leseni.

Huku kwetu kiti hukaa kitupu hata pasipo janga. Umeme umekatika, kompresa imegoma, ganzi haijaletwa, mvua imewazuia wagonjwa. Saa hizo huishia kwenye gumzo, ilhali yapo mambo ya kujifunza yanayomgusa mgonjwa moja kwa moja.

Chukua silva diamini floraidi, dawa ya maji inayopakwa kwenye jino lililooza ili kuzuia uozo usiendelee. Haihitaji kuchonga jino wala umeme. Shirika la Afya Duniani (WHO) liliiingiza katika orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2021, kwa hiyo aliyehitimu zamani huenda hakufundishwa kuitumia. Somo fupi kwenye simu litamweleza jino lipi linafaa, namna ya kukinga ufizi, na kwamba sehemu iliyooza itageuka nyeusi, jambo ambalo mzazi lazima aambiwe mapema.

Au noma, ugonjwa unaoanzia kwenye fizi na kula uso wa mtoto mwenye lishe duni. Desemba 2023 WHO iliutambua kuwa miongoni mwa magonjwa ya kitropiki yaliyosahaulika. Ukigunduliwa mapema hutibika kwa dawa za kawaida, ukichelewa huua. Daktari anaweza kufanya kazi miaka mingi bila kuuona, hivyo picha anazozisoma leo ndizo zitakazomsaidia siku mtoto mwenye noma atakapoletwa.

Kung'oa jino gumu hakufundishwi na video. Mkono hujifunza mbele ya mwalimu. Lakini kutambua ugonjwa na kuchagua tiba vinasomeka.

Waganga wafawidhi, wekeni saa za masomo kwenye ratiba na mgharimie bando. Msimwachie daktari ajisomee usiku kwa fedha yake.