Damu Inajua Nini Kuhusu Ini Lako?

Hebu mfikirie kijana wa Ifakara. Kaka yake kapata ajali ya pikipiki na anatakiwa kuongezewa damu. Kijana anajitolea. Mzima kabisa, jana tu alikuwa uwanjani anacheza mpira. Damu inapimwa, halafu anaitwa pembeni: "Kijana, damu yako hatuwezi kumpa mtu. Una virusi vya homa ya ini B." Mbona siumwi, anauliza.

Ndiyo tabia ya ini. Lina akiba kubwa, linaweza kuharibika miaka na miaka mwenyewe asisikie kitu. Macho yakishakuwa ya njano na tumbo likajaa maji, mara nyingi mambo yamekwenda mbali. Hapo ndipo utasikia majirani wanasema karogwa.

Sisi wa bonde la Kilombero kutobolewa kidole si jambo geni. Watafiti wa magonjwa wapo Ifakara tangu miaka ya 1950! Tone kama lile la malaria linatosha kuonyesha homa ya ini B. Kinachotafutwa ni kipande cha ganda la virusi kinachoelea kwenye damu. Kikiendelea kuonekana zaidi ya miezi 6, ugonjwa ni sugu, na huo ni chanzo kikubwa cha saratani ya ini Afrika. Wengi huambukizwa wakizaliwa au wakiwa wadogo, kwa hiyo jamani, msimwite mtu mhuni. Tanzania ilianza kuwachanja watoto wachanga mwaka 2002. Kama ulizaliwa kabla ya hapo, huenda hukuipata.

Kipimo kingine huandikwa ALT. Hiki ni kimeng'enya kinachokaa ndani ya seli za ini. Seli zikiumia, kinavuja kwenye damu. Ni sawa na kuona moshi nyuma ya nyumba: kuna kitu kinaungua, ila hujui ni kipi. Yaweza kuwa virusi, pombe, dawa, au mafuta yaliyojaa kwenye ini. Ndiyo, mafuta! Kitambi na kisukari huyaleta hata kwa mtu asiyeonja pombe. Tena ini linaweza kuwa na mafuta na ALT ikasoma vizuri tu. Madaktari huchanganya ALT, kimeng'enya kingine kiitwacho AST, chembe sahani za damu na umri, wakakadiria kama ini lina makovu. Hesabu hiyo haiaminiki sana kwa walio chini ya miaka 35, yaani wengi wetu.

Kuna pia AFP, protini inayotengenezwa na ini la mtoto akiwa tumboni. Baadhi ya saratani za ini huirudisha. Lakini nyingine haziirudishi, na mjamzito huwa nayo bila ugonjwa wowote. Ndiyo maana walio hatarini hupigwa na ultrasaundi kila miezi 6.

Damu hutunza hata habari za chakula. Sumukuvu, sumu ya ukungu wa mahindi na karanga, hunasa kwenye protini ya damu na kupimika wiki kadhaa baadaye. Mwaka 2016 iliua watu wapatao 20 Dodoma na Manyara. Ikikutana na homa ya ini B, hatari ya saratani hupanda mara nyingi zaidi. Mahindi yaliyonyeshewa yaanike upesi, yenye ukungu yatupe. Usiyapeleke kwenye pombe, kuchemsha hakuimalizi sumu hiyo.

Na yule kijana? Atapimwa wingi wa virusi, ALT na hali ya ini. Si kila mtu huanzishwa dawa. Akihitaji, ipo tenofovir, ileile iliyomo kwenye dawa nyingi za UKIMWI. Mchumba wake naye apimwe. Akikutwa hana, na hana kinga, achanjwe sindano 3: ya kwanza siku hiyo, ya pili baada ya mwezi 1, ya tatu ikitimia miezi 6.