Mali Bila Daftari: Wizi Safarini na Mafunzo ya Njia ya Tabora

Njia ya kale itokayo Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na Kilimatinde, ikafika Tabora na kuishia Ujiji kando ya Ziwa Tanganyika, urefu wake yapata kilomita 1,200, imepitiwa na watu wa kila namna: wapagazi wa Kinyamwezi waliobeba mitumba ya nguo za merikani na ushanga mabegani, matajiri wa Kiarabu na wa Kiswahili waliofuata pembe za ndovu, watumwa waliofungwa minyororo, wamisionari, askari wa Kijerumani, na siku hizi vijana wenye shanta mgongoni wanaoteremka stesheni ya Tabora kungojea treni ya Kigoma au ya Mwanza. Wote hao, ijapokuwa nia zao na hali zao zilihitilafiana sana, waliijua hofu ya kuibiwa ugenini, mahali ambapo mtu hana jamaa wa kumkopesha, hajui mlango wa kubisha, na mali yake yote ni ile aliyoichukua. Walakini tukinena wizi katika njia hii, hatuna budi kukiri kwanza kwamba wizi ulio mkubwa kupita wote uliotendeka humo ulikuwa wa kuiba wanadamu wenyewe. Na mbele ya dhuluma hiyo, hasara ya shuka na simu ni jambo dogo.

Hata hivyo hasara ndogo nayo inaweza kumwangamiza msafiri, na hakuna kisa kinachobainisha hayo kuliko cha Dakta David Livingstone, mmisionari na mvumbuzi wa Kiskoti. Mwezi wa Oktoba 1871, akiwa mgonjwa na amechoka, alirejea Ujiji kutoka nchi ya Manyema akitaraji kuzikuta bidhaa alizopelekewa kutoka Unguja, ambazo zilikabidhiwa mtu mmoja aitwaye Sherifu, fundi cherehani kwa kazi yake. Alipofika hakukuta kitu katika bidhaa hizo. Katika shajara yake aliandika kwamba hakusaziwa hata yadi moja ya nguo katika yadi 3,000, wala uzi mmoja wa ushanga katika ratili 700. Sherifu alikuwa amepiga ramli kwa Msahafu, akadai kuwa imemwonyesha kwamba mwenye mali amekwisha kufa, naye kwa hoja hiyo akauza vyote na kujipatia pembe na watumwa. Wala hakuona haya. Alimjia yule aliyemdhulumu ili ampe mkono, na alipokataliwa akajifanya ndiye aliyekosewa.

Ndugu msomaji, tuizingatie hali hiyo, maana imebeba ilmu kubwa ya usafiri. Aliyempokonya Livingstone hakumvizia porini kwa mkuki. Alikuwa amini wake, na khiyana ndiyo aina ya wizi ambayo msafiri huitazamia kwa uchache zaidi. Leo pia, mgeni hujihadhari sana na mtu aliyesimama gizani, kisha akamwachia mkoba wake mwenzi wa safari aliyejuana naye asubuhi ile, au akanywa kinywaji alichoandaliwa na abiria mkarimu asiyemfahamu, akaja kuzinduka yu peke yake na mifuko mitupu. Tahadhari ya kweli haimlazimu mtu kuwadhania watu wote ubaya. Inamtaka asiitie amana yake mikononi mwa mtu mmoja, wala mahali pamoja, bila shahidi na bila maandishi.

Na katika kisa hicho hicho limo jambo lililomwokoa. Katika barua aliyoandika Ujiji mwezi wa Novemba 1871, Livingstone alieleza kwamba angekuwa fukara kabisa lau si nguo na shanga chache ambazo kwa busara alikuwa ameziacha pale zamani, kwa ajili ya siku ya dhiki. Akiba ile ilikuwa kidogo, lakini ilisimama baina yake na kuombaomba. Tena kabla Henry Stanley, mwandishi wa habari aliyetumwa kumtafuta, hajawasili kutoka Tabora na msafara wake, Said bin Majid, mmoja wa Waarabu wa Ujiji, alimwendea Livingstone faraghani akamwambia kuwa bidhaa hana ila pembe anazo, basi amruhusu auze baadhi ya pembe zake ampe yeye thamani yake. Katika mji ambao mtu mmoja alimwibia kila kitu, mtu mwingine alikuwa tayari kumpa chake.

Kwa hiyo kijana anayetia shanta mgongoni leo, awe ni mgeni ajaye Tabora kutoka Ulaya au ni Mtanzania aendaye Lubumbashi, Istanbul au Guangzhou, na agawanye mali yake kabla hajatoka kwake. Fedha za matumizi ya siku ziwe mfukoni. Za safari ziwe ndani ya nguo karibu na mwili. Na za dharura, pamoja na kadi ya pili ya benki, zikae mbali na zote hizo. Simu nayo aihesabu kuwa hazina, kwa kuwa siku hizi humo ndimo zilimo pesa, anwani na tikiti. Aifunge kwa namba ya siri isiyobahatishika, na asiishike karibu na dirisha la behewa wakati treni inapoondoka stesheni, kwani mkono wa mwizi ulio nje huihitaji nukta moja tu.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na njia hii ya Tabora ina ushahidi wa ajabu juu ya ukweli wa maneno hayo. Livingstone alipofariki katika kijiji cha Chitambo, katika Zambia ya leo, mwaka 1873, wafuasi wake Susi na Chuma, kabla ya kuuchukua mwili wake kuuleta pwani, walikusanya watu wote, wakayafungua makasha mbele ya macho yao, na Jacob Wainwright, aliyekuwa msomi kati yao, akaandika kila kilichokuwamo ili asitokee mtu wa kushutumiwa baadaye. Mwezi wa Oktoba mwaka ule waliwasili Unyanyembe, yaani Tabora, na mwezi wa Februari 1874 wakafika Bagamoyo. Watu hao wangaliweza kugawana vitu na kutawanyika, wala hakuna ambaye angaliwafuatia. Badala yake waliivuka nchi yenye vita na maradhi, wakaifikisha amana. Anayewadhania wabeba mizigo kuwa ndio wezi wa kwanza, na awakumbuke hao.

Daftari la msafiri wa leo ni jepesi kuliko lile la Wainwright. Apige picha ya pasipoti, viza na kadi ya bima, azihifadhi katika barua pepe na kumwachia jamaa nyumbani nakala. Abonyeze *#06# katika simu yake, aiandike kando namba ya utambulisho itakayotokea, kwa sababu bila namba hiyo ni vigumu kuithibitisha simu kuwa ni yake hata ikipatikana. Aandike pia namba za benki yake na za ubalozi wa nchi yake, na aziweke kwenye karatasi, maana namba zilizo ndani ya simu huondoka na simu.

Ikiwa licha ya hadhari yote wizi umetokea, la kwanza ni uhai: mwenye kutishiwa kwa silaha na atoe anachodaiwa. La pili ni ulimi. Katika miji yetu, neno "Mwizi!" likipazwa sokoni au stendi, umati hukusanyika kabla ukweli haujajulikana, na wako waliopigwa hata kufa au kuchomwa moto kwa tuhuma tu, wengine wakiwa hawana hatia yoyote. Livingstone, mbele ya mtu aliyemfilisi, alimwonya kwamba lau yeye angekuwa Mwarabu angemkata mkono na masikio, lakini hakumgusa. Hakuna simu wala pochi yenye thamani ya roho ya mwanadamu, na msafiri mwenye staha huomba msaada wa polisi, si wa mawe.

Baada ya hapo, mambo yafuatane kwa haraka. Azuie laini ya simu na kadi za benki kwanza, kwani mwizi hufanya kazi yake katika saa ya kwanza. Kisha aende kituo cha polisi, na katika Tanzania namba ya dharura ni 112, atoe maelezo, achukue namba ya taarifa na hati ya upotevu wa mali. Bila hati hiyo kampuni ya bima aghalabu haitalipa, na nyingi hutaka wizi uripotiwe ndani ya saa 24. Iliyoibwa ikiwa ni pasipoti, apeleke hati hiyo ubalozini kuomba hati ya dharura ya kusafiria. Ajue pia kwamba tangu mwaka 2002 Interpol inayo kumbukumbu ya pamoja ya hati za kusafiria zilizoibwa na kupotea. Kwa hiyo pasipoti iliyokwisha kuripotiwa, hata ikiokotwa kesho yake, isitumiwe tena, isije ikamkwamisha mwenyewe mpakani.

Nasi wenyeji tunao wajibu wetu. Mgeni aliyeibiwa hataukumbuka mji kwa sura ya mwizi peke yake. Ataukumbuka pia kwa yule aliyemwazima simu, aliyemsindikiza kituoni, aliyemtafsiria maneno yake kwa askari, aliyemlipia nauli. Basi tusimpite mgeni aliyeketi stesheni akilia mali yake. Tumwendee kama Said bin Majid alivyomwendea jirani yake, tena tumwendee kabla hajaomba, kwa kuwa heshima ya mji wowote ulio njiani hupimwa kwa namna unavyomtendea mtu aliyepotelewa na kila kitu.